Fuata pakiti ya USB toka kwenye waya mpaka kwenye skrini yako

Wengi wetu flashi tunachomeka tu, inaonekana, tunakopi faili, tumemaliza. Siku ikianza visa, mara inapotea mara inarudi, mara inakopi kwa mwendo wa konokono, hapo ndo unagundua hujui kabisa kinachoendelea ndani ya ule waya. Basi leo tunakaa na mashine yenye Linux, tunayanasa maongezi ya USB 2.0 yenyewe, afu tunashuka mpaka kwenye biti tujue pakiti (kifurushi kidogo cha biti kinachopita kwenye waya kwa mkupuo mmoja) imeanzia wapi na imeishia wapi. Nimechukua USB 2.0 makusudi, hii ya megabiti 480 kwa sekunde iliyotoka mwaka 2000, sababu bado iko kila sehemu na pia kichwa cha kawaida kinaweza kuifuata mwanzo mwisho bila kuumia.

Kabla ya hatua yoyote shika hiki kimoja: kwenye USB kifaa hakisemi mpaka kiulizwe. Hata kibodi. Ukibonyeza herufi, kibodi haipigi kelele eti jamani nimebonyezwa, inaishika ile herufi mkononi inasubiri kompyuta ipite iulize "una kitu?", na kompyuta inapita mara nyingi sana kwa sekunde moja ndo maana we hushtuki. Anayeuliza tunamwita hosti. Ukiacha ile ishara ndogo ya kuamsha mashine iliyolala, hakuna kifaa chenye ruhusa ya kuanzisha maongezi, na ukisoma rekodi yoyote ya USB bila kujua hili utachanganyikiwa mapema sana.

Hatua ya 1: jua kifaa chako kiko wapi

Fungua terminali andika:

lsusb
lsusb -t

Ya kwanza inakupa orodha, mfano Bus 001 Device 005, yaani kifaa namba 5 kwenye basi namba 1 (basi ni njia moja ya USB inayotumiwa na vifaa kadhaa). Ya pili inachora mti, na mwisho wa kila mstari kuna spidi: 480M, 12M au 1.5M, na 5000M kama kimeingia kwenye USB 3. Angalia hapo kwanza. Flashi inayotakiwa kuwa 480M ikiandikwa 12M umeshapata nusu ya jibu na hata hujafungua programu yoyote.

Hiyo namba ya Device ni anwani, na kwenye waya anwani ina biti 7, kwahiyo ni 0 mpaka 127, na 0 imeachwa kwa mgeni ambaye hajapewa namba, ndo maana unasikia basi moja linabeba vifaa 127 (hab, vile vifaa vya kuongeza matundu ya USB, nazo zinahesabiwa humo). Angalizo dogo: kwenye mashine za siku hizi zenye kontrola (chipu inayoendesha USB) ya aina ya xHCI, anwani ya kwenye waya anaipanga kontrola mwenyewe, so namba anayokuonyesha Linux si lazima iwe ileile inayopita kwenye waya. Kwa kazi yetu haina shida.

Hatua ya 2: washa sikio

sudo modprobe usbmon
sudo setfacl -m u:$USER:r /dev/usbmon*

Fungua Wireshark, programu ya kunasa na kusoma pakiti, utaona usbmon0, usbmon1 na kuendelea. usbmon1 ni Bus 001, usbmon2 ni Bus 002, usbmon0 inasikiliza zote kwa pamoja. Chagua ya basi lako tu, sababu ukichukua 0 utamwagiwa mambo ya mausi mpaka uchoke. Wa Windows wana USBPcap, kazi ni ileile.

Na tafadhali, kama kibodi iko kwenye basi hilohilo, kila unachoandika kinaingia kwenye rekodi, paswedi ikiwemo. Usimrushie mtu faili la rekodi kabla hujalichuja.

Hatua ya 3: anza kurekodi, ndo uchomeke

Mpangilio huu ni muhimu, ukichomeka kwanza umekosa utambulisho wote. Anza kurekodi, chomeka flashi, hesabu mpaka tano, simamisha.

Sasa ngoja nieleze kitu ambacho Wireshark haitakuonyesha, kwasababu kimetokea kabla ya pakiti ya kwanza. Ndani ya kebo kuna nyaya nne: nyekundu ya volti 5, nyeusi ya graundi, kijani ni D+ na nyeupe ni D−. Ukichomeka, kifaa kinaivuta D+ juu kupitia rezista ya kiloohmu 1.5, hosti anaona laini imepanda anajua kuna mgeni. (Kifaa cha 1.5M chenyewe kinavuta D−, ndo tofauti yao.) Hosti anapiga riseti. Katikati ya riseti, kifaa chenye uwezo wa 480 kinatoa mlio mmoja unaoitwa chapu, kama kusema mimi naweza mbio, na hosti au hab ikiwa nayo inaweza inajibu kwa milio ya kupishana, kifaa kikishahesabu jozi tatu kinabadilika kuwa cha 480. Asipojibiwa anabaki 12M. Yaani makubaliano yote ya spidi yameishia hapo, hakuna sehemu unayoenda kuseti.

Hatua ya 4: soma ombi la kwanza

Rudi kwenye rekodi. Mistari ya mwanzo ni GET DESCRIPTOR, hosti anauliza we ni nani. Kila ombi lina mistari miwili, URB_SUBMIT na URB_COMPLETE. URB ichukulie kama fomu: dreva, ile programu ya kuendesha kifaa, amejaza fomu kampa kontrola, hiyo ni SUBMIT, kontrola amehangaika huko kwenye waya karudisha fomu ikiwa na majibu, hiyo ni COMPLETE. Hapa watu wengi wanakosea wanadhani mstari mmoja wa Wireshark ni pakiti moja ya USB. Hapana. Mstari mmoja unaweza kuwa umebeba pakiti nane, themanini, na za kukataliwa juu yake ambazo hutaziona kamwe.

Bonyeza SUBMIT ya kwanza utazame zile baiti 8 za setup:

80 06 00 01 00 00 40 00

80 maana yake data inakuja kwa hosti, 06 ni "nipe deskripta" (maelezo ya kujitambulisha), 00 01 inasomwa kinyumenyume kama 0100, yaani deskripta ya kifaa, halafu 40 00 ni 0x0040, baiti 64. Ukikuta 12 00 hapo mwisho usishtuke, hosti kaomba 18 badala ya 64.

Hayo ndo unayoona kwenye skrini. Kwenye waya wenyewe zimepita pakiti tatu:

2D 00 10
C3 80 06 00 01 00 00 40 00 DD 94
D2

Ya kwanza ni tokeni. 2D ni SETUP, na kwenye hizo baiti mbili zinazofuata kuna anwani biti 7, namba ya endpointi (mlango wa ndani wa kifaa) biti 4, na biti 5 za CRC ya kukagua makosa. Anwani 0, endpointi 0, huyu ni mgeni bado. Ya pili ni data yenyewe, C3 ni DATA0, zile baiti 8 zetu hizo katikati, na DD 94 ni CRC16. Ya tatu ina baiti moja tu, D2, ACK, nimepokea. Huyu aliyejibu D2 ni kifaa.

Baada ya hapo hosti anatuma tokeni 69, ambayo ni IN, maana yake haya sasa leta, na kifaa kinaleta baiti zake 18 zikianza na 12 01 00 02: urefu ni 18, aina ya deskripta ni 1, toleo ni 2.00. Hosti aliomba 64 kapewa 18, hakuna ugomvi, pakiti fupi maana yake nimemaliza. Anafunga kwa kutuma pakiti ya data isiyo na kitu ndani.

Utatafuta mstari wa SET ADDRESS na kwa xHCI hutauona, kontrola kaifanya mwenyewe chini kwa chini. Mimi mara ya kwanza niliutafuta saa nzima nikidhani nimekosea kurekodi.

Hatua ya 5: tuishike pakiti moja kwa mkono

Hii unaweza kuruka kama shida yako ni flashi tu, ila mi naona ndo tamu kuliko zote.

Kati ya zile nyaya nne hakuna hata moja ya saa. Sasa anayepokea anajuaje biti moja imeisha na nyingine imeanza, tena biti yenyewe inadumu nanosekunde 2 na kidogo? Anaangalia mabadiliko. Laini ina hali mbili, J na K, J ni D+ iko juu ya D−, K ni kinyume chake, tofauti ni kama milivolti 400 hivi. Sheria: sifuri ni geuza, moja ni baki ulivyo. Kila pakiti inaanza na sifuri nyingi mfululizo, kwenye 480 mwanzo huo una biti 32, laini inageukageuka KJKJKJ mpokeaji anashika mapigo, kisha inaishia na KK kuashiria sasa ndo vitu vinaanza.

Chukua ACK yetu, D2. Kwa biti ni 1101 0010, ila USB inatuma biti ndogo kwanza, so kwenye waya zinatoka 0 1 0 0 1 0 1 1. Tumeishia K. Biti ya kwanza 0, geuza, J. Inafuata 1, baki J. 0, K. 0, J. 1, J. 0, K. 1, K. 1, K. Kwahiyo laini imefanya J J K J J K K K na hiyo ndo "nimepokea" nzima nzima. Angalia tena zile biti: nne za mwanzo 0100, nne za mwisho 1011, kinyume chake kamili. Kila kitambulisho cha pakiti kimejengwa hivyo, nusu ya pili ni kinyume cha nusu ya kwanza, biti ikiharibika njiani mpokeaji anajua hapohapo bila CRC.

Bado kuna mtego. Kama moja maana yake ni baki ulivyo, data yenye moja tupu itafanya laini itulie na mpokeaji atapoteza mapigo. Ndo maana zikifululiza moja sita, mtumaji anachomeka sifuri ya bandia, mpokeaji anaitoa. Faili lililojaa FF linachukua nafasi kubwa kidogo kwenye waya kuliko faili la 00, ndo sababu.

Hatua ya 6: soma KB 4 uzifuate

Rekodi tena. Angalia flashi yako ni ipi kwa lsblk, tuseme sdX, halafu:

sudo dd if=/dev/sdX of=/dev/null bs=4k count=1 iflag=direct

Soma hiyo amri mara mbili kabla ya kubonyeza. Hapa upande mmoja ni /dev/null, ila siku ukiwa na faili la kweli ukibadilishana if na of unaweza kulia.

Chuja kwa usb.transfer_type == 0x03 ubaki na za balki tu, yaani zile za kusafirisha data nyingi. Flashi inaongea kwa mtindo wa amri, data, risiti. Amri ina baiti 31 na inaanza na 55 53 42 43, ambazo kwa herufi ni USBC. Wireshark itaandika urefu 95, sababu usbmon inaongeza kichwa chake cha baiti 64. Ndani ya amri tafuta 28 00 00 00 00 00 00 00 08 00: 28 ni soma, zinazofuata ni bloku ya kuanzia ambayo ni 0, na 00 08 ni idadi, bloku nane za baiti 512, jumla 4096. Kisha data, halafu risiti ya baiti 13 inayoanza na USBS, baiti yake ya mwisho ikiwa 00 mambo safi.

Ile data ya 4096 kwenye skrini ni mstari mmoja. Kwenye waya ni pakiti nane, sababu balki ya 480 inabeba mwisho baiti 512 kwa pakiti, na kila moja ina mzunguko wake: hosti IN, kifaa data, hosti ACK. Data zinapishana DATA0, DATA1, DATA0, DATA1. Huu kupishana usiuchukulie poa. Tuseme kifaa kimetuma DATA1, hosti kaipokea, ila ACK yake ikapotea njiani. Kifaa hakijui, kikiulizwa tena kinarudia DATA1 ileile. Hosti alikuwa anategemea DATA0, akiona DATA1 tena anajua aah hii ninayo, anaitupa, anatuma ACK tena. Biti moja tu ya kupishana imezuia faili lako lisiwe na kipande kimejirudia.

Na kama kifaa hakina data tayari? Kinajibu NAK. NAK sio kosa, ni "ngoja kwanza", na hosti anarudi tena na tena, hata maelfu ya mara, we kwenye Wireshark unaona tu SUBMIT imekaa inasubiri. Ukiwa unaandika kwenye flashi kuna na ndugu zake: NYET, yaani hii nimepokea ila nyingine bado usilete, halafu hosti anatuma PING ya kuuliza nafasi ipo? badala ya kubeba baiti 512 nzima akakataliwe mlangoni. Ukitaka kuziona hizi kwa macho unahitaji kifaa cha kunasa kwenye waya chenyewe, usbmon haifiki huko.

Sasa hesabu ya spidi, sababu kila mtu analalamika mbona 480 sio megabaiti 60. Muda umekatwa vipande vya maikrosekunde 125, kila kipande kinafunguliwa na pakiti fupi ya SOF. Pakiti moja ya 512 ukijumlisha mwanzo, kitambulisho, CRC na mwisho inafika biti 4160, ambazo ni kama maikrosekunde 8.7. Ongeza tokeni, ACK, na ule muda wa kugeuza laini toka anayetuma kwenda anayepokea, zinaingia 13 kwa kipande, mwisho. 13 mara 512 mara vipande 8000 kwa sekunde ni megabaiti 53 na kidogo. Hiyo ndo dari ya karatasini, na flashi yenyewe na dreva wanakula sehemu yao, ukipata 30 na kitu mpaka 40 shukuru.

Kuna kitu cha kijanja kwenye SOF nisikiache: mwisho wake umerefushwa makusudi kuwa biti 40, ili hosti apime volti ya laini. Ukishachomoa kifaa, rezista zake za upande wa pili hazipo tena, volti inapanda karibu mara mbili, na hosti anajua umechomoa.

Hatua ya 7: ikigoma, soma namba

Kwenye COMPLETE kuna status. 0 ni safi. Ile -115 unayoiona kwenye SUBMIT achana nayo, maana yake kazi inaendelea. -32 ni STALL, kifaa kimesema hapana kwa mdomo wake, yaani kiko hai na waya mzima, ila hakijui au hakitaki ulichoomba. Vifaa vingi vinatoa STALL moja mbili wakati wa utambulisho na vinafanya kazi vizuri tu. -2 ni dreva kafuta ombi mwenyewe, mfano akichoka kusubiri. -110 muda umeisha, hii utaikuta kwenye dmesg (kumbukumbu za kernel) sio kwenye COMPLETE, nayo inanifanya niangalie programu ya ndani ya kifaa kwanza, kuna uwezekano kilikuwa kinajibu NAK tu muda wote.

-71 ndo ya kuogopa. Hiyo ni kimya au takataka: hosti kauliza, ama hakujibiwa kabisa, ama jibu limekuja limeharibika CRC, karudia, ilipofika mara tatu kaacha. Kifaa kisichoelewa pakiti iliyoharibika hakijibu NAK, kinanyamaza, ndo maana kimya na NAK ni vitu viwili tofauti kabisa na usivichanganye.

Ukikuta -71 kwenye data ya balki angalia na urefu uliorudi. Mara nyingi unakuta namba kama 1536. Gawa kwa 512, tatu zimepita, ya nne ndo imefia njiani.

Mimi nilikuwa na kasha la diski, lsusb -t inasema 480M vizuri kabisa, ila nikikopi faili kubwa dmesg inajaa -71 na riseti zisizoisha. Nikamlaumu dreva siku mbili. Nilipokaa na rekodi nikaona amri za baiti 31 hazijafa hata moja, risiti za 13 hazijafa hata moja, zinazokufa ni zile ndefu tu za 512, tena sio sehemu moja, mara ya tatu mara ya saba. Programu mbovu ingekosea palepale kila siku. Hizi zilikuwa zinakufa kwa bahati, na mwenye biti nyingi ndo mwenye nafasi kubwa ya kupigwa. Nikatoa ekstensheni niliyokuwa nimeunganisha katikati, nikachomeka kasha moja kwa moja, nikakopi faili lilelile mara nne bila -71 hata moja. Baadae niliichana ile ekstensheni nione ndani: nyeupe na kijani zimelala sambamba toka mwanzo mpaka mwisho, hazijasokotwa hata mara moja, na kusokotwa ndo kunazikinga na kelele za umeme.